Mfuaji wa Jezi

Sikuwahi kukuona ukidaka, Ndahani.
Jumamosi, mji ulipokuwa uwanjani unapasua koo,
mimi nilikuwa Chang'ombe nasubiri gunia,
nahesabu ndoo: nne za kuloweka, tatu za kusuuza,
na maji ya Dodoma hayana ahadi.

Matokeo niliyasoma kwenye nguo.
Ulipoishinda mipira, udongo ulikaa ubavuni,
kushoto zaidi ya kulia.
Ulipofungwa, ulikaa magotini.

Msimu ule wa kwanza ulikuwa wa ubavuni tupu.
Baba yako huko Hombolo akapata pampu,
zabibu zikanywa hata Oktoba,
na watoto wa Nkuhungu waligombana
nani awe Chidawali, nani awe mshambuliaji tu.

Kisha goti.
Wakakuchoma sindano, ukacheza.
Wakakuchoma ya pili, ukacheza.
Kocha akasema mwanaume humeza maumivu,
nawe mtoto mtiifu ukatafuta cha kuyasukumia.

Kichupa cha kwanza nilikikuta ndani ya soksi.
Nikadhani dawa ya kikohozi.
Cha pili kilikuwa ndani ya glavu, kwenye kidole gumba,
na sikudhani kitu.
Wiki hiyo ulinipa elfu kumi badala ya tano,
hukusema ya nini, sikuuliza.
Binti yangu alinunuliwa sare kwa kimya hicho.
Ilimkaa vizuri.

Halafu mechi na wale wa Singida.
Mpira mzee, mpira wa kumrudishia mtoto,
ukapita katikati ya mikono yako
kama mgeni aliyekuta mlango wazi.
Kauza mechi! wakasema, sokoni, saluni, msibani.
Jezi ile ilikuja safi kabisa.
Niliinusa.
Hukuuza chochote, ungeuza ungekuwa na kodi ya nyumba.
Uliinywa, saa nne asubuhi, kabla ya basi la timu.

Mjini hapa ukitaja Mirembe
watu hucheka kabla hujamaliza neno.
Nilikuja na ugali wa uwele na mlenda,
nikakaa kwenye benchi la chuma.
Mikono iliyopangua penalti tatu usiku mmoja
ikashindwa na tonge.
Mlenda ukachora mstari mrefu shatini.
Ulicheka wewe kwanza. "Hilo nalo utafua," ulisema.
Nikataka kukuambia habari ya elfu kumi.
Nikakuambia bei ya sabuni.

Ulitoka Machi.
Ulirudi Juni.
Ulitoka tena, na safari hiyo
hakuna aliyekuja getini na pikipiki,
ukatembea.

Sasa nasikia unawafundisha watoto kule Chadulu,
uwanja wa mawe, goli la mabomba ya maji yaliyokatika.
Sijaja kuona. Desturi ni desturi.
Glavu analeta kijana mmoja, Masima, mpole,
kila Jumatatu, na elfu tano kamili,
wala shilingi ya ziada.

Nisamehe, Ndahani.
Kabla ya kuloweka bado nazigeuza ndani nje,
kidole kimoja kimoja, gumba la mwisho.
Leo nimekuta mchanga.
Nimeukung'uta kiganjani, nikaupeleka mwangani,
nikaunusa.
Mchanga.