Gurudumu la Kulia

Mvua ya Loya hainyeshi, humwagwa.
Na mbuga ikishalewa
huwa nyeusi kama masizi ya sufuria,
laini kama mlenda,
na gari ni mgeni tu, lisubiri.

Nilikuwa na chanjo kwenye kisanduku cha barafu,
muuguzi Nyamizi kushoto kwangu, viatu mapajani.
Tukasimama.
Gurudumu la nyuma kushoto likazunguka,
likazunguka kwa kelele za mtu mwenye kesi,
likarusha tope hadi juu ya turubai.
La kulia lilikuwa limekanyaga kichuguu,
pakavu, pagumu,
na halikujitikisa.

Marehemu fundi Kapela aliniambia haya
chini ya Fuso, gerejini kwake Kiloleni,
mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko:
"Difu ya wazi, binti, haina ubaya, ina woga.
Nguvu humpa asiyebisha.
Aliye kwenye utelezi hana mzigo, basi huzungushwa yeye.
Mwenye uwezo wa kukutoa
anaachwa aangalie."

Nikamuuliza ile ya loki.
"Hiyo ni ndoa ya pingu.
Wote wawili mwendo mmoja, kwa heri na kwa shari.
Matopeni utaishukuru.
Sahau kuifungua, uingie lami:
kona ya kwanza tu itagoma, itatafuna tairi,
itakupeleka inakotaka yenyewe."
Na ile ya visahani, inayobana kidogo kidogo?
Akacheka mpaka spana ikamdondoka.
"Hiyo nzuri, mpaka visahani viishe.
Na kwenye magari ya serikali vimeisha."

Mdogo wangu Lusangija anaendesha lori Ufini.
Hunitumia sauti usiku, pumzi yake inasikika:
*Dada, hapa ni mbuga ya Loya, ila nyeupe.*
Anasema na huko moja linazunguka, moja linatazama.
Mimi theluji naijua ya kwenye friza ya zahanati,
ile tunayoikwangua kwa kijiko kila Ijumaa.

Giza likaanza kushuka. Barafu haina subira.
Nikakumbuka ujanja wa mwisho wa Kapela:
lidanganye.
Hendibreki, meno mawili, labda matatu,
isishike, iguse tu,
lile lipigalo kelele lidhani limebebeshwa mzigo.
Gia ya pili.
Mguu mwepesi,
kama unahamisha mtoto aliyelala.

Kelele zikapungua.
Halafu la kulia likakumbuka
kwamba nalo ni gurudumu.

Tulifika zahanati saa mbili usiku,
vipande vya barafu bado vinagongana kisandukuni.
Nyamizi akapanga chupa, akazihesabu, akazihesabu tena,
kisha akakwangua ukuta wa friza
akaniwekea kijiko kimoja kiganjani.
Nikasugua tope la vidoleni.
Ikawa nyeusi, ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko,
ikayeyuka kabla sijaamua
nimwambieje Lusangija.