Kikohozi cha Kona ya Isevya

Lililetwa likisukumwa na vijana wanne,
gari la milango miwili, paa la turubai,
rangi yake ya kwanza siijui, sasa ni vumbi la Tabora.
Mama Nyanzala alitembea nyuma yake
kama anayesindikiza mgonjwa, au maiti, bado hajaamua.

"Linakohoa," akasema. "Tangu enzi za marehemu."

Nikafungua boneti. Kabureta mbili, pacha,
zimekaa ubavuni mwa injini kama figo.
Nikashika mhimili wa kipepeo kwa vidole viwili:
ukacheza. Jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Tundu lililozaliwa duara limekuwa yai,
na hewa isiyoalikwa ilikuwa ikipita hapo
miaka yote, bila hodi.
Sindano zimelika upande mmoja tu.
Floti moja ina petroli tumboni,
imezama, haina habari.

Vipuri vilikuja kwa treni, siku tatu badala ya moja,
kiboksi kisichozidi kipande cha sabuni:
jeti, sindano, mihimili, gasketi.
Bushi hawakuleta.
Nikaenda kwa Msabila wa karakana ya reli
na koki mbovu ya shaba mfukoni.
Akachonga, akavuta sigara, akapima, akachonga tena,
akanipa pete nne za moto.
"Usimwambie zilikuwa koki."
Nilimwambia.

Kilipu moja ikaruka, ndogo kuliko punje ya uwele.
Saa mbili nzima nimepiga magoti
na ungo wa mke wangu, napepeta uwanja.
Ilikuwa kwenye pindo la suruali.

Kisha kusikiliza. Hili hufundishwi kwa mdomo.
Mpira wa maji sikioni, ncha ya pili kinywani mwa kabureta:
hii yasema sss, ile yasema shhh,
unakaza skrubu robo, unalegeza nusu ya robo,
unarudi kwa ya kwanza, imeshabadili maneno,
mpaka pacha walale pumzi moja.

Nikalizungusha hadi stesheni, nikarudi kwa Isevya.
Halikukohoa hata mara moja.
Nilishuka nikisubiri kusifiwa.

Mama Nyanzala alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu.
"Pale konani," akasema, "likikohoa mara mbili
nilikuwa naepua sufuria.
Miaka kumi na tisa hakuwahi kula ugali uliopoa.
Sasa linakuja kimya kama mwizi."

Sikuwa na jibu. Halikuwemo kwenye kiboksi.
Nikampa vya zamani ndani ya chupa ya asali:
sindano zilizolika, mihimili, floti iliyozama.
Akaitikisa karibu na sikio.
Akaitikisa tena.

Halafu akauliza klachi ni ipi.