Fomu ya Maziko, Mawenzi

Hakuwa na jina. Mfukoni: tiketi ya Same,
kokwa tatu za tende, ufunguo.
Bwana Afya Mfinanga akaandika "Me",
akaandika "miaka 60 hivi",
kalamu ikagota penye Dini.

"Serikali haina dini," ndivyo huwajibu
wanaokuja kuzozania vipaza sauti.
Lakini makaburi ya manispaa yana mageti mawili,
na mtu hazikwi mara mbili.

Tende? Yeye mwenyewe, mzee wa kanisa, hula tende.

"Nichimbe wapi?" Shebughe kauliza, sururu begani.
"Jua linapanda."

Kibo kimejifunika.
"Kando ya ukuta," akasema.
Upande gani, hakusema.

Wakamshusha. Mmoja akavua kofia,
mwingine akafungua viganja.

Kisanduku kimebaki cheupe.
Muhuri wa manispaa
ukagongwa juu yake.