Iache Iungue

Beñat, keti. Shusha mikono.
Tangu juzi wewe si zimamoto tena,
wamekupa saa ya ukutani na picha ya gari jekundu,
basi moto wa leo ni wangu.

Kilo ya jibini laini, nimeitoa kwenye friji alfajiri
ilegee, isinipe madonge.
Sukari. Mayai saba, moja moja,
sikuyapiga yakatoa povu; nimeyakoroga taratibu
kama mtu anayemwamsha mgeni.
Krimu nusu lita, kijiko cha unga,
chumvi ya kubana kwa vidole viwili.
Karatasi nimeilowesha bombani, nikaifinyanga ndani ya bati,
ukacheka, ukasema ni kama barua niliyoghairi kuituma.
Labda.

Joto mia mbili na thelathini.
Nje, Tolosa inanyeshewa yale manyunyu yasiyojua kuacha,
mto Oria umevimba, rangi ya chai ya maziwa,
na wewe unazunguka jikoni
pua juu, kama paka wa buchani.

"Inaungua," unasema.
Najua.
"Eneritz, juu imeshakuwa kahawia."
Subiri iwe nyeusi.
Ghorofa ya juu Bi Pilartxo anagonga bomba kwa kijiko,
mara tatu, maana yake: kwenu kuna nini?
Nami nagonga mara moja: keki.

Miaka thelathini na mmoja kengele ilikutoa kitandani,
nikabaki na joto la upande wako likipoa kwenye shuka.
Leo nakuomba jambo gumu:
tazama kitu kikiungua
na usikimbie.

Dakika arobaini. Nafungua.
Imefura kupita ukingo wa bati,
nyeusi kama kitako cha sufuria,
na katikati inatikisika
kama kitambi cha shemeji akicheka.
Usiikate. Ndani bado uji,
itamwagika yote mezani.
Iache inywee, ijikusanye.

Hapo ndipo, umekaa mbele yake,
vidole karibu bila kugusa,
ulipoanza: kile kiwanda cha peremende, mwaka wa mafuriko,
sukari ilivyotiririka ngazini ikiwaka buluu,
na harufu, hii hii, ikakuganda kooni miezi,
ukawa hutii sukari kwenye kahawa,
nami nikadhani unaogopa kisukari.

Ukamtaja kijana mmoja. Unai.
Sikuwahi kulisikia jina hilo humu ndani.

Keki ikabonyea katikati, ikafanya bonde.
Mvua haikukata.
Saa nne usiku tukala tumesimama, bila sahani,
kisu kikitoka na utando mzito,
juu uchungu kidogo, chini yake ulaini
usiotaka kuachana na ulimi.
Ukamaliza kipande, ukalitazama bati.
"Kingine," ukasema,
"kile cha pembeni,
kilichoungua zaidi."