Nukta Mbele ya Jina

Faki kahamia Aberdeen, hakuaga.
Kompyuta yake nimeachiwa mimi niifute
kabla zamu ya asubuhi haijapanda ngazi.
Nje, Dundee, mvua ya barafu yachapa baiskeli.

Naandika ls. Kimya.
Nyumba imefagiwa, hata unyayo hakuna.

Kitufe cha Tab mimi nakiita Tabu,
ingawa kazi yake kuniondolea:
ni kama darasani Wete, mwalimu akianza "Haba na haba…"
nasi tukimalizia kwa sauti moja.
Majibu yakiwa mawili, kinalia kidogo, kinangoja,
kama mtu aliyesahau jina lako
akaona haya kukisia.

Lakini jina lenye nukta mbele hakiligusi
mpaka nukta uitie mwenyewe,
uoneshe unajua kuna kitu.

Basi naitia. Nukta, Tabu, Tabu.
Yanatoka mengi, kama watoto uvunguni.
Wala si siri: rangi aipendayo,
ukubwa wa herufi kwa macho ya usiku,
njia za mkato za vidole vyenye baridi yabisi,
na mstari mmoja, wa mwaka aliofika:

ikiandikwa hodi, jibu
"Karibu, Faki. Umekula?"

Miaka kumi na moja, meza ya pili kutoka yangu.
Sikuwahi kumuuliza hivyo.

Naandika ho, Tabu.
Inamalizia.
Inanikaribisha kwa jina lake.

Saa kumi na moja kasorobo. Ngazi zinalia viatu.
Sijafuta.