Kiwiko cha Kinu

Umeme uliporudi Kampemba, saa sita usiku,
niliipa kompyuta bonge la chuma la mraba
na swali moja tu: uzito unapita wapi?
Ikatafuna. Duru ya kwanza, duru ya arobaini,
iking'ata kila palipolala bila kazi,
hadi alfajiri kikabaki kitu
chembamba kama mfupa wa kuku ulionyonywa:
kiwiko cha kushikia ekseli ya kinu cha Mama Kabedi,
theluthi ya uzito, nguvu ileile.
Nilikipenda. Nakiri.

Mukalay, msubu chuma chakavu kule Katuba,
aligeuza karatasi juu chini.
"Huyu mtoto atazaliwa vipi?
Kalibu yangu hufunguka juu na chini, basi.
Mchanga haumwachii aliyekunja vidole."

Nikarudi. Nikaiamuru mashini:
litakalokuwa, livutike kwenda juu.
Ikaziba mapango, ikaleta mbavu, nyembamba kama karatasi.
"Chuma kitaganda njiani," akasema Mukalay,
akainua kidole gumba. "Unene huu."

Kisha Chansa mkerezaji, mafuta hadi viwikoni:
"Na mimi nikibane wapi?
Jiliwa halishiki mgongo wa samaki.
Nipe uso bapa, keekee ipite wima."

Mama Kabedi hakuutazama mchoro.
"Kikivunjika Jumamosi, watu wako foleni na mahindi yao,
nakifungua kwa spana gani?"

Hilo sikuwa nimelihesabu kabisa.

Moja moja, masharti yalikuwa wageni wenye adabu.
Niliyaweka chumba kimoja.
Kalibu ikavuta huku, keekee kule,
unene ukajitandaza kama shangazi kitandani,
na baada ya duru mia mbili
kompyuta ikanirudishia bonge la mraba,
lilelile la usiku wa kwanza,
limetobolewa matundu mawili.

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Ilikuwa mwezi wa nane, vumbi jekundu la Lubumbashi
limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya chai.
Mukalay alichukua kielelezo cha mti,
akakilaza ubavu mchangani,
akakiinua tena, akakilaza kimshazari.
"Nani kasema lazima kilale chali?"
Na nikaona: hivyo, njia ya kalibu
na njia ya keekee ni mlango mmoja.
Masharti mawili, kumbe ndugu,
waliokuwa wakigombana kwa sababu ya kitanda.

Kilitoka Alhamisi, kibaya kama taya la nguruwe,
nusu ya uzito, si theluthi.
Kinasaga. Spana ya kumi na saba inatosha.

Ubavuni pana nyama nene isiyobeba chochote,
sio ekseli, sio mkanda, sio mahindi.
Kompyuta ingeing'ata duru ya kwanza.
Huwa naigusa nikipita kununua unga:
meno ya jiliwa yameacha alama pale,
pale Chansa alipokishika.