Alikunywa Maji

Alikunywa maji.
Naanza hapo, maana hapo ndipo nilipodanganyika.
Kikombe cha bluu cha plastiki, ukingo umetafunwa na mtoto:
Mihayo Kasubi alikishika kwa mikono miwili,
akanywa mpaka chini, akajifuta ndevu, akasema,
"Maji yenu ya Sikonge yana kutu. Ila baridi yake nimeipenda."

Nami nikaandika kwenye faili:
Anameza vizuri. Hana hofu ya maji.
Nikapiga mstari chini yake, mstari wa mtu aliyesoma.

Aliletwa Jumanne juu ya baiskeli, amefungwa kiunoni
kwa kamba ile ile anayopandishia mizinga,
shemeji yake Lugendo akisukuma tangu alfajiri.
Mguu wa kushoto ulikuwa wa kwanza kukataa.
Kesho yake wa kulia. Ganzi ikapanda
kama mrina apandavyo mtundu usiku,
polepole, bila taa,
akijua vizuri kule juu kuna nini.

Walisema nyuki wamelipa kisasi.
Bibi wa kitanda cha pili: "Huyo amekanyaga kitu cha mtu."
Mimi nilisema neva. Nilisema sumu ya dawa ya tumbaku.
Nilisema rufaa, Kitete, gari likipata mafuta.

Nilimgonga kifuani kwa nyundo ndogo ya mpira.
Nyama ikainuka pale pale, kijilima kama kichuguu,
ikakaa pumzi mbili, ikashuka.
Niliona. Sikujua nimeona nini.

Kichaa cha mbwa, tulifundishwa, kina kelele:
mate, macho, kamba, mtu anapigana na glasi.
Hakuna aliyetuambia kipo kinachobisha hodi,
kikaketi mkekani, kikaomba maji, kikashukuru.
Kichaa kisicho na kichaa.

Alhamisi mikono nayo imelala. Mkewe, Nyamizi,
alikuwa akimkuna kisigino. Kila siku kisigino kile kile.
"Panamwasha," alisema, "palepale alipong'atwa na kale kajibwa."
Kajibwa gani?
"Kadogo tu. Kalikuwa kanacheza. Kalikufa,
tukakafukia nyuma ya jiko, wakati wa kupalilia."

Sasa watu walikuwa wanavuna.

Nilitafuta kidonda. Palikuwa na kovu,
kadiri ya punje ya mtama.

Mihayo alinitazama. Akili yake yote ilikuwa macho
ndani ya mwili uliokwisha kuhama.
Sauti imebaki uzi.
"Kalikuwa hakabweki," alisema.
"Nikadhani kana adabu."

Gari lilipata mafuta Jumatatu.
Yeye alikuwa ameondoka Jumapili,
hakupiga kelele hata moja,
kifua kikisahau kupanda, kikikumbuka,
kikisahau.

Ile karatasi sijaichana. Mstari wangu bado upo,
umenyooka.

Nyamizi na mtoto tuliwachoma chanjo,
maana kajibwa kalikuwa kanalamba kila mkono.
Mtoto, Kalunde, miaka sita, hakulia sindano.
Alidai kikombe chake tu.
Nilikuwa nimekiosha mara tisa.
Akaenda nacho bombani, akakijaza, akanywa,
nami, ninayejua sasa kwamba kunywa si ushahidi,
nikasimama mlangoni
nikihesabu mafunda yakishuka kooni mwake.